Nani Alipiga Chabo

Jina la Bi. Tumwagile Luvanda lilikuwa la kumi na saba kwenye orodha ya vitanda vya wodi ya bati ya Mbeya. Subilaga Mwaijande asingeliona, ila alikuwa anatafuta jina la mdogo wake, na mtu anayetafuta jina lisilokuwepo husoma majina yote.

Kitanda kimoja, kuanzia tarehe tatu mwezi wa pili. Alihesabu kwa vidole, yeye mwenye shahada tatu. Mwezi wa kumi ndio huo walikuwa nao, basi ilibaki miezi minne kasoro siku chache. Akainua macho kutoka kwenye simu na kumtazama mume wa Bi. Tumwagile, Profesa Obadia Luvanda, aliyekuwa amekaa peke yake upande wa pili wa kantini akimenya kiazi cha kuchemsha kwa kucha, taratibu, kama mtu asiye na siri duniani.

Miezi minne. Nani kamwambia miezi minne?

Nje ya dirisha ukungu wa Kitulo ulikuwa unajikokota kutoka kwenye nyasi, na madishi ya kituo yalikuwa yanatokea moja moja, meupe, yote yametazama upande mmoja. Yalikuwa yanatazama Chungu. Hilo ndilo jina walilolipa lile kundi la magalaksi zaidi ya elfu, lililo mbali kiasi kwamba kulitaja kwa kilomita ni kujichosha. Nyuma ya Chungu, mbali zaidi, kulikuwa na kitu kilichotoa Mlio: mapigo ya redio ya dakika kumi na tisa, yamepangika vizuri mno kuwa ajali, na hakuna aliyeweza kuyaeleza. Uzito wa Chungu uliupinda Mlio njiani, ukagawanyika ukapita njia nne, na kila njia ilikuwa na urefu wake. Wa kwanza kufika ulinaswa kwa bahati, mwanzo wake tu. Wa pili ulinaswa mwisho wake tu. Katikati hakuna aliyewahi kuisikia.

Kwa ule wa tatu dunia ilijiandaa. Ikazima kila mtambo unaorusha mawimbi, siku arobaini, watu wakauita Ukimya. Hawakusikia kitu, maana wataalamu wa wakati ule walikosea uzito wa Chungu, na Mlio ukapita siku nyingine, watu wakiwa wamesharudi kwenye kelele zao. Katika siku zile arobaini za bure walikufa watu mia tatu na kumi na wawili, wote wenye vidundo, vile vifaa vya kuendesha moyo, vifuani.

Tume ya Ukimya ilipochunguza ilikuta jambo baya kuliko uzembe. Wale wataalamu walikuwa wanaitamani tarehe fulani, na kila walipofika mahali pa kuamua kitu kidogo, waliamua kuelekea kule kule wanakokutamani, wenyewe wasijijue. Timu nzima ilifukuzwa isipokuwa mmoja, kijana aliyesimama mbele ya Tume akakiri kabla hajaulizwa. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Kijana yule sasa alikuwa na mvi na kiazi mkononi.

Subilaga alizima simu akaiweka kifudifudi mezani. Chai yake ya maziwa ilikuwa imeshika utando, akainywa hivyo hivyo.

*

"Mbwilo, hiki kitabu cha safari za gari unakijaza wewe?"

Mhandisi Yohanesi Mbwilo alikuwa chini ya meza ya mitambo, miguu tu ndiyo inaonekana. Ndiye aliyelisha kompyuta za kituo na ndiye aliyelilisha mafuta gari pekee la kituo. "Najaza mimi, dokta. Imepotea safari?"

"Nahakiki tu."

Subilaga alikuwa anadanganya, na alishangaa jinsi ulimi ulivyoteleza vizuri. Alifunua kurasa za nyuma mpaka mwezi wa pili wa mwaka ule. Safari yake mwenyewe ilikuwepo: yeye, kwenda Makete mjini, kupeleka bahasha ya ufunguo kwa mtunzaji wake, Mama Tweve. Siku saba baadaye kulikuwa na mstari mwingine. *O. Luvanda, Makete, shughuli ya ofisi.* Siku hiyo hapakuwa na shughuli yoyote ya ofisi Makete. Subilaga angejua, kwa kuwa ratiba zote za kituo zilipita mikononi mwake.



Ufunguo ule ndio uliobeba kazi nzima. Ili kupima uzito wa Chungu walikuwa wanapima maumbo ya magalaksi yaliyo nyuma yake, laki nne na zaidi, moja moja. Mwanga wa kila galaksi ukipita kando ya Chungu huvutwa kidogo, duara likawa duaradufu, kama unavyoona uso wako mgongoni mwa kijiko. Galaksi moja haikwambii kitu, kwa kuwa huenda imezaliwa na umbo lake la ajabu. Laki nne zikivutwa upande mmoja, unajua kuna mzigo pale, hata kama sehemu kubwa ya mzigo huo haiwaki wala haionekani. Na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo Mlio wa nne, wa mwisho, unavyochelewa kufika.

Ila maumbo hayo hupimwa na watu, na watu Tume ilikwishawaona walivyo. Kwa hiyo sheria ikasema lazima kufumba. Kompyuta ilizidisha maumbo yote kwa namba tatu za siri, ikatoa makabrasha matatu. Moja la kweli, mawili ya kupotosha. Wao wakayaita mafiga, kwa sababu Chungu lazima kikae juu ya kitu. Walifanya kazi ile ile kwa mafiga yote matatu miezi minane, bila kujua lipi ni lipi, na wiki iliyopita majibu ya mwisho yalitoka. Kwa figa la kwanza, Mlio utafika mwezi wa pili. Kwa figa la pili, baada ya miaka tisa. Kwa figa la tatu, ulikwisha kupita tangu mwaka juzi na habari imekwisha.

Lipi ni la kweli lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi moja tu, ndiyo ufunguo, na karatasi ilikuwa Makete.

Kuchungulia kabla ya siku ya kufumbua kulikuwa na jina lake kituoni, lile lile la wanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Kupiga chabo. Mtu mmoja akipiga chabo, kazi yote ni batili. Inafumbwa upya, inapimwa upya, miezi minane mingine.

"Mbwilo," alisema, "nipe ufunguo wa gari."

Miguu ilitulia. "Hakuna safari leo, dokta."

"Ipo sasa."

*

Kabla hajawasha gari alimpigia Bupe. Mdogo wake alikuwa anafundisha kwaya shuleni Tukuyu, na alipokea huku nyuma yake watoto wakigombania madaftari.

"Umeniona kwenye orodha?" Bupe aliuliza.

"Haumo."

"Nilikwambia sitakuwemo. Vitanda mia nane, wenye vidundo elfu sitini. Ningekuwemo ningejiuliza umemhonga nani."

Alisema hivyo kwa utani, lakini Subilaga hakucheka. Kidundo cha Bupe kilikuwa kinapokea mwendo wake kutoka angani kila dakika, nao ulikuwa ndio mwendo wa moyo wake. Mawimbi yakizimwa, kidundo kinapiga kijingakijinga, pigo moja tu lisilobadilika, ukilala au ukikimbia. Katika kila watu thelathini, mmoja hamalizi siku arobaini. Wodi za bati zilikuwa na nyaya ukutani, mgonjwa anaunganishwa na waya na mawimbi hayatoki nje. Asiye na kitanda anabaki nyumbani na bahati yake.

"Bupe, na ikiwa ni mwezi wa pili?"

"Hutakiwi kuniambia tarehe."

"Sijui tarehe. Nauliza tu ikiwa."

Watoto walinyamazishwa kwa neno moja la Kinyakyusa, kisha sauti ya Bupe ikasogea karibu. "Dada, mimi naujua mwanzo wa Mlio na mwisho wake. Darasa langu lote linaujua, tunaupiga kwa makofi. Mwanzo unapanda, mwisho unashuka, na huo ushukaji haulingani na huo upandaji, kwa hiyo katikati lazima kuna kitu kimegeuka. Nataka kukisikia. Ikiwa ni mwezi wa pili, iwe mwezi wa pili. Usiniingize mimi kwenye hesabu zako."

"Nimekuingiza siku nyingi," Subilaga alisema, lakini baada ya simu kukatika.

*

Mama Twilumba Tweve alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama, na Tume ilimchagua kutunza ufunguo kwa sababu mbili nzuri. Hakujua chochote kuhusu nyota, na katika miaka thelathini na minne hakuwahi kupoteza jalada. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa juu Makete mjini, na sebuleni palikuwa na kabati la chuma refu kuliko yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua. Kaa, nikuletee uji."

"Mama, sitakaa. Nimekuja na swali, na naomba unijibu kama ungemjibu hakimu." Subilaga alibaki amesimama, akijua kwamba ni utovu wa adabu, na akaendelea. "Profesa Luvanda alikuja hapa wiki moja baada yangu. Alifuata nini?"

Alitarajia mama yule atababaika, au atakasirika. Mama Tweve aliweka mikono kiunoni na uso wake ukachangamka, kama mtu aliyesubiri muda mrefu mtu amuulize kuhusu kazi yake.

"Nilimwita mwenyewe. Alikuja kusaini."

"Kusaini nini?"

"Hati. Wewe uliniletea bahasha. Bahasha si kumbukumbu, mwanangu. Panya wakiila je? Nyumba ikiungua? Nikaifungua hapo hapo, nikaiandika kwenye rejesta yangu, nikaifunga tena kwa lakiri. Ila hati isiposhuhudiwa na watu wawili, mahakamani wataitupa nje na wewe mwenyewe nyuma yake. Kwa hiyo nikamwita mkubwa wenu awe shahidi wa pili."

Subilaga alikaa. Hakukumbuka kuamua kukaa.

Hakuna njama. Hakuna aliyehongwa. Ni mama mwaminifu kuliko wote wilayani, aliyefanya kwa ukamilifu kazi aliyoifanya maisha yake yote. Watu wa Tume walimweleza asimwonyeshe mtu bahasha, naye hakumwonyesha mtu bahasha. Rejesta hawakumwambia.

"Na yeye alisaini? Alisoma akasaini?"

"Alisita sita. Akasema labda isiwe lazima. Nikamwambia, baba, ofisi ni ofisi. Utamkatalia mama wa umri wangu sahihi?" Mama Tweve alikuwa tayari ameshalifungua kabati na kutoa rejesta nene yenye jalada jekundu. "Usiwe na shaka, kila kitu kimeshuhudiwa. Tazama mwenyewe."

"Usinionyeshe."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, macho ameyafumba, viganja juu yake. Akasikia kurasa zinafunuliwa kisha zinasita.

"Mama, funika juu. Funika maandishi yote. Nionyeshe mahali pa sahihi tu."

Akasikia rula ikiwekwa, na daftari la shule juu ya rula. "Haya. Nimefunika."

Subilaga alifumbua jicho moja, kisha la pili. Chini ya daftari palibaki vidole viwili vya karatasi nyeupe. Neno *Mashahidi* kwa mwandiko wa duara, mzuri, wa watu waliofundishwa kuandika kwa fimbo. Chini yake sahihi ya Luvanda, ile yenye mkia mrefu, na mbele yake namba mbili.

Juu ya hiyo, mbele ya namba moja, ilikuwepo sahihi yake mwenyewe.

Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa yake kabisa, na S yake iliyojikunja. Siku ile alikuja na bahasha, Mama Tweve akaleta vitabu, hati ya makabidhiano, kitabu cha wageni, kitabu kingine, weka hapa mwanangu, na hapa. Alikumbuka kalamu iliyokuwa inavuja. Alikumbuka simu ikiita, hospitali ya Mbeya, Bupe ameanguka darasani, na yeye akizungumza na daktari huku mkono unasaini wenyewe. Maneno yaliyokuwa juu ya mkono wake hakuyakumbuka. Lakini yalikuwepo, kwa mwandiko mkubwa na safi, sentimita tatu kutoka kwenye kucha yake.

"Hukusoma?" Mama Tweve aliuliza, sasa kwa wasiwasi. "Mimi nilidhani ulisoma. Watu husoma wanachosaini."

*

Alirudi Kitulo mchana ule ule, na njia nzima alikuwa anajihoji kama polisi.

Alikwenda Makete kumkamata Luvanda, na kumkamata Luvanda kungekuwa rahisi. Angesema mbele ya Tume, kazi ingebatilishwa, Mlio wa mwezi wa pili, kama upo, ungepita pasipo Ukimya, maana sheria hairuhusu kuzima dunia kwa tarehe isiyofumbwa. Bupe angeendelea kupumua. Yeye Subilaga angekuwa mkweli na mwenye faida kwa wakati mmoja, na hilo lingemtia mtu yeyote mwenye akili mashaka. Sasa akaona kwamba lilipaswa kumtia yeye mwenyewe mashaka tangu asubuhi, pale alipodanganya kuhusu kitabu cha safari bila hata kumeza mate.

Palikuwa na jambo jingine, nalo lilimfanya asimamishe gari pembeni mwa shamba la pareto. Mwezi wa sita walibishana kuhusu magalaksi madogo mno. Umbo la galaksi ndogo huharibiwa na hewa na kioo, halitegemeki, kwa hiyo unaweka mpaka wa ukubwa na yaliyo chini yake unayatupa. Swali lilikuwa mpaka uwe wapi. Kwa mpaka wa zamani, figa la pili lilikuwa linatoa, kwa makadirio ya awali, miezi kumi na minne. Kwa mpaka mpya lilitoa miaka tisa. Sababu za mpaka mpya zilikuwa nzuri, zimeandikwa kurasa kumi na mbili, na Luvanda mwenyewe alizipinga wiki nzima kabla hajakubali.

Aliyeziandika alikuwa Subilaga.

Miaka tisa ilitosha kujenga wodi za bati za kila mwenye kidundo nchini. Alipoandika zile kurasa aliamini anaandika kuhusu hewa na kioo. Lakini wale wa miaka kumi na moja iliyopita nao waliamini. Kama jicho lake liliona maneno mawili kwenye rejesta, *la pili*, likayaficha mahali asipopajua mwenyewe, basi mkono wake ulijua pa kuusukuma ule mpaka. Na kama halikuona, basi aliandika ukweli, na hakuna mtu duniani wa kumthibitishia, yeye akiwa wa kwanza kushindwa.

Alimwona ng'ombe wa shamba la serikali anamtazama juu ya waya, akitafuna. Akaondoa gari.

*

Siku ya kufumbua ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Kamishna Mwanahawa Singano wa Tume ya Ukimya alikuja mwenyewe, amejifunga shali mbili kwa ajili ya baridi ya Kitulo. Bahasha yenye lakiri ya Mama Tweve ilikuwa mezani mbele yake. Watu wa kituo walikuwa watatu tu, wamepanga mstari kama wanakwaya, Luvanda, Mbwilo, kisha Subilaga.

Kwa siku mbili Subilaga hakuzungumza na Luvanda zaidi ya salamu. Mara moja alimkuta koridoni akataka kumwambia, akaona yule bwana anamtazama kwa namna ya kupima, akajiambia anajua, Mama Tweve kampigia. Labda hakumpigia. Kwenye shaka kila mtu anakuwa na sura mbili, na hata Mbwilo maskini, aliyekuwa hajatoka kituoni mwaka mzima, Subilaga alimwona anacheka vibaya.

"Mtajibu kama sheria ilivyo," Kamishna alisema. "Kila mmoja kwa maneno yake kamili. Kabla ya kufumbuliwa, umeona au umeonyeshwa?"

"Sijaona, wala sijaonyeshwa," alisema Profesa Luvanda. Sauti yake haikutetemeka.

Wewe, Subilaga alisema moyoni, wewe uliyekiri mara ya kwanza.

"Sijaona, wala sijaonyeshwa," alisema Mbwilo, akapenga kamasi.

Kamishna alimgeukia Subilaga, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya bahasha. Maneno yalikuwa matatu tu. Nusu ya kwanza angeweza kuisema, pengine ilikuwa kweli. Alimwona Bupe darasani akipiga makofi, anasita pale mwanzo unapoishia, anangoja. Akisema maneno hayo matatu, huenda Bupe akapata katikati ya Mlio wake na kidundo kikaacha kumfuata siku ya ishirini, au ya thelathini na tisa. Akiyakataa, Bupe atakuwa hai na Mlio wa mwisho labda utapita juu ya paa hili bila mtu, usirudi tena.

Alitafuta sababu moja ya kusema ambayo haikuwa na Bupe ndani yake. Aliitafuta kwa haki kabisa.

"Nimeonyeshwa," alisema.

Kamishna hakuondoa mkono. "Umeonyeshwa nini?"

"Rejesta ya mtunza ufunguo, mwezi wa pili. Jibu lilikuwa limeandikwa na nikasaini chini yake. Kama nililiona, sijui. Nimejiuliza siku mbili, na sijui." Akaongeza, "Mtunza ufunguo hana kosa. Alitaka mashahidi wawili, kama mahakamani."

"Shahidi wa pili ni nani?"

Subilaga hakutaka kumtazama Luvanda, akamtazama. Luvanda alikuwa ameinamisha kichwa na anakitikisa taratibu, kama mtu anayesikiliza hesabu iliyokwenda vibaya mahali alipotarajia.

"Ni mimi," alisema Luvanda.

*

Bahasha ilichanwa mbele yao bila kufunguliwa, vipande vikatiwa kwenye jiko la kuni la kantini, na rejesta ya Mama Tweve ilifuatwa Makete ikaletwa nayo ikachomwa ukurasa ule. Kompyuta ilifutwa namba zake tatu. Ilipofika saa nane hapakuwa na karatasi wala mashine iliyojua figa lipi lilikuwa la kweli. Kama alikuwepo mtu aliyejua, hakusema.

Luvanda alikuwa anafungasha vitabu vyake Subilaga alipomkuta. Hakumwambia aketi.

"Ungeniuliza, Subi."

"Mke wako amewekewa kitanda mwezi wa pili."

"Anabadilishiwa betri. Kina miaka kumi kile kidundo chake. Wanabadilisha kwenye wodi ya bati, kwa sababu lazima wakizimie mawimbi nusu saa. Cha mdogo wako kina miaka mitatu tu, utayajua haya baadaye." Aliweka kitabu kwenye boksi, akakitoa, akakiweka upya. "Yule mama aliponiwekea rejesta niliyafumba macho yangu. Yeye akanishika mkono akanielekeza pa kusaini, akadhani sioni vizuri. Sikuona kitu."

"Lakini ulionyeshwa. Na ukasema hukuonyeshwa."

"Nilisema hivyo kwa sababu najua sikuona, na nilitaka kabla sijafa tuisikie ile katikati." Alimtazama sasa. "Mimi nilikuwepo mara ya kwanza. Majina yote mia tatu na kumi na wawili nayajua kwa kichwa. Unadhani ningepiga chabo?"

Subilaga alitaka kumwamini. Alikuwa karibu kabisa kumwamini, kisha akakumbuka sauti isiyotetemeka, *wala sijaonyeshwa*, akashindwa.

"Sijui, Profesa."

"Basi," alisema Luvanda. "Hutajua."

*

Bupe alikuwa ameshasikia redioni. Alipokea simu kabla haijaita vizuri.

"Nijibu kitu kimoja," alisema. "Ulisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu yangu?"

Subilaga alikuwa amesimama nje, kwenye baridi, mgongo umeelekea kwenye madishi. "Ningekuwa najua ningekwambia."

"Nilikuomba usiniingize."

"Uliniomba."

"Watoto wangu wamenuna. Mmoja ameniuliza kama wewe ndiye uliyeufukuza Mlio. Nikamwambia hapana." Alipozungumza tena alikuwa analia, na hakuficha. "Nimefurahi, dada. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilipoisikia ile habari kitu cha kwanza nilichofanya ni kufurahi, kama mwizi."

"Bupe."

"Sikiliza. Mwezi wa pili nitakuja huko. Utanifungulia chumba chenu na utawasha dishi moja."

"Mawimbi yote yatakuwa hewani. Simu, redio, ndege, vidundo elfu sitini. Hata kama upo, hatutausikia."

"Najua hatutausikia. Ndiyo maana nataka uwe umekaa pembeni yangu, siku zote arobaini, tusiusikie wote wawili."

Subilaga alisema atamwandalia kitanda.